Tunapomsifu, Tunasifu Nini?

Waswahili husema mshika mbili moja humponyoka. Methali hiyo nimeiandika ubaoni mara nyingi katika miaka yangu ya ualimu, na wanafunzi wakainakili katika madaftari yao bila kuuliza swali. Lakini methali ni kama dawa: haimfai kila mgonjwa. Yuko mtu mmoja wa Mombasa ambaye maisha yake yamenifanya niitazame upya methali hiyo, na zaidi ya hapo niitazame upya tabia yetu ya kusifu. Swali ninalotaka kulijadili katika kurasa hizi ni hili: tunapomsifu mwanamichezo mwenye ulemavu, hasa tunasifu nini? Je, tunakisifu kile alichokifanya, au tunajisifu sisi wenyewe kwa kuwa na moyo wa huruma?

Mtu huyo ni Asiya Mohammed Sururu. Alipokuwa mtoto wa miaka miwili aligongwa na treni, akapoteza miguu yote miwili pamoja na baadhi ya vidole vya mikono. Alikua, akasoma, akawa mwalimu. Katika michezo amecheza tenisi ya viti vya magurudumu, ameshiriki mbio ndefu za barabarani akiwa katika kiti hichohicho cha magurudumu, kisha akaingia katika mchezo wa kupiga makasia. Mwezi Oktoba 2019 alikwenda Tunis katika mashindano ya Afrika ya kutafuta nafasi ya Michezo ya Paralimpiki, akaipata. Akawa mwanamke wa kwanza wa Kenya kufuzu katika mchezo huo. Michezo ya Tokyo iliyokuwa ifanyike mwaka 2020 ikaahirishwa kwa sababu ya UVIKO-19, ikafanyika mwaka 2021, naye akashiriki. Mwaka 2024 alikuwapo tena, safari hii Paris. Mara zote mbili hakurudi na medali.

Nimelitaja jambo hili la medali makusudi. Maana kama angerudi na dhahabu, swali langu lingefunikwa na shangwe. Watu wangesema wanamsifu kwa ushindi, na mjadala ungekwisha. Lakini hakushinda, na bado watu wanamsifu, nami ni mmoja wao. Kwa hiyo yatupasa tuseme kwa uwazi tunachokisifu.

Hebu tuanze na sifa ile iliyozoeleka. Utasikia redioni, utasikia hata katika hotuba za wageni rasmi: "Pamoja na ulemavu wake, ameweza." Sentensi hiyo inasemwa kwa nia njema, lakini mwalimu wa lugha hawezi kuiacha ipite bila kuikagua. Maneno "pamoja na" yanabeba dhana kwamba hatukutarajia kitu kutoka kwake. Ni kama kumwambia mgeni, "Kumbe nawe unaweza kula na watu!" Anayesifiwa kwa namna hiyo hupewa kwa mkono mmoja na kunyang'anywa kwa mkono wa pili.

Lugha yetu yenyewe ina habari ya kutusimulia katika jambo hili. Kilema, kiwete, kipofu, kiziwi: maneno haya yote yana umbo la ki- na vi-, umbo la kiti na kisu, umbo la vitu. Wapo wanaosema kwamba wazee wetu waliwaweka watu hawa katika kundi la vitu kwa sababu waliwaona wamepungukiwa utu. Siwezi kukubali moja kwa moja, kwa maana kijana na kiongozi nao wamo katika umbo hilohilo, na hakuna aliyewahi kusema kwamba kiongozi ni kitu, ingawa wapo viongozi waliostahili kuitwa hivyo. Isitoshe, tukitunga sentensi tunasema "kipofu huyu amefika", hatusemi "kipofu hiki kimefika". Sarufi inamrudishia mtu utu wake mara tu anapoanza kutenda. Baadaye tukaja na neno "mlemavu", na siku hizi tunasema "mtu mwenye ulemavu", tukitanguliza mtu na kuufanya ulemavu kuwa mojawapo tu ya mambo aliyo nayo. Ni hatua njema. Lakini neno jipya halitoshi ikiwa macho ni yaleyale ya zamani.

Sasa turudi kwenye methali. Tenisi, mbio, makasia: je, huyu si mshika mbili, tena mshika tatu? Kwa kijana mwenye miguu anayehama kutoka mpira wa miguu kwenda ndondi, na kutoka ndondi kwenda riadha, tungesema hana msimamo. Lakini kabla ya kumhukumu mtu kwamba amehama, tuulize kwanza alikuwa na milango mingapi ya kuchagua, na ni nani aliyekuwa akiifunga.

Mtoto wa Mwembesongo anayetaka kucheza mpira anahitaji uwanja, wenzake, na mpira wa makaratasi uliofungwa kamba. Lakini mchezo wa kiti cha magurudumu unahitaji chombo, na kila mchezo una chombo chake. Kiti cha mbio ni kirefu, kina magurudumu matatu, na mkimbiaji hukisukuma akiwa ameinama karibu kifudifudi. Kiti cha tenisi kina magurudumu yaliyolala upande ili kigeuke upesi bila kupinduka. Mashua ya makasia ya daraja lake yeye ina kiti kisichosogea, mchezaji hufungwa mkanda kifuani asitumie kiwiliwili, na pembeni huwekwa maboya ya kuizuia isipinduke, mfano wa matengo ya ngalawa. Vyombo hivi havitengenezwi kwa seremala wa mtaani, na bei yake inapita uwezo wa mshahara wa mwalimu. Basi katika nchi zetu mwanamichezo wa namna hii mara nyingi hauchagui mchezo. Huufuata mlango uliofunguliwa. Leo kuna kocha na kiti cha tenisi, anacheza tenisi. Kesho kuna mbio za mji, anaingia barabarani. Keshokutwa kuna mashua na nafasi ya kwenda Tunis, anashika makasia. Kumwita mtu huyo kigeugeu ni sawa na kumlaumu mkulima kwa kupanda mtama mwaka ambao mvua za mpunga hazikunyesha.

Hata hivyo nisije nikakosea kwa upande wa pili, nikafanya ionekane kwamba kuhama mchezo ni matokeo ya umaskini tu. Katika nchi zenye uwezo wako pia. Birgit Skarstein wa Norway, aliyeshinda dhahabu ya makasia katika Michezo ile ya Tokyo, ni huyohuyo aliyeshindana katika Paralimpiki ya majira ya baridi, akiteleza juu ya theluji kwa kuketi. Moran Samuel wa Israeli, aliyeshinda dhahabu ya makasia Paris mwaka 2024, amecheza pia mpira wa kikapu wa viti vya magurudumu. Kwa hiyo liko jambo linalohamishika kutoka mchezo mmoja hadi mwingine. Jambo hilo ni mabega, ni pumzi, ni kuizoea adha ya mazoezi ya kila siku, na zaidi ya yote ni ile elimu ya kuujua mwili wako mwenyewe, kuujua unakubali nini na unakataa nini. Anayeijua elimu hiyo hashiki mbili. Anashika moja, na kuipeleka kila mahali anapokwenda. Na ikumbukwe kwamba raketi na kasia ni vyombo vya kukamatwa kwa vidole, na baadhi ya vidole vyake vilikwisha potea. Hapa sasa tumeanza kuona kitu kinachostahili sifa, nacho si ulemavu, wala si "pamoja na". Ni ujuzi.

Lakini ujuzi wa nani uko sawa na wa nani? Hapo ndipo wengi wanapotatizika. Wanauliza: ikiwa mashindano haya yamegawanywa katika madaraja kwa kadiri ya ulemavu wa kila mmoja, je, huo ni ushindani wa kweli au ni zawadi za kugawiana?

Swali hili linaheshimika, na nitalijibu kwa tukio la chuoni badala ya la uwanjani. Katika miaka ya 1990 niliongoza chuo kimoja cha ualimu. Mwaka mmoja tulimpokea mwanachuo msichana kutoka kijiji cha juu katika milima ya Uluguru, upande wa Matombo. Ugonjwa wa polio ulimpata utotoni, na alitembea kwa magongo mawili. Kule kwao njia ni za kupanda na kushuka, nyembamba, zenye utelezi wakati wa masika, na hakuna kiti cha magurudumu duniani kinachoweza kuzipita. Alisoma shule ya msingi kwa mgongo wa mama yake, na alipokuwa mzito kwa mama, kwa mgongo wa mjomba wake. Wanaowafahamu Waluguru wanajua mjomba ni nani katika ukoo. Kila mwanzo wa muhula mjomba huyo alimshusha mpaka barabarani, akampakia garini, akapanda tena mlima peke yake.

Ulipofika wakati wa mazoezi ya kufundisha, BTP kama wanachuo walivyoyaita, jina lake liliangukia katika shule ya mlimani iliyo mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka mahali gari linapoishia. Katika kikao cha wakufunzi kukatokea maoni mawili. Mkufunzi mmoja, mtu mwema kabisa, alisema binti asamehewe mazoezi, apewe alama ya wastani, na mambo yaishe. Mwingine akasema apelekwe shule iliyo karibu na barabara, afundishe kama wenzake, akaguliwe kama wenzake. Tulimwita binti mwenyewe tukamuuliza. Akajibu kwa heshima lakini bila kusita: "Mwalimu, nikipewa alama ambazo sikuzifanyia kazi, nitakuwa na cheti, sitakuwa mwalimu."

Akapelekwa shule ya mjini, na kijana aliyekuwa amepangiwa shule hiyo akapelekwa mlimani badala yake. Kijana akaja ofisini kulalamika. Alisema, "Mkuu, na mimi miguu yangu inachoka. Kwa nini nibebe mzigo wa mwingine? Huu ni upendeleo." Wapo waliotaka akemewe kwa kukosa utu. Mimi niliona kwamba lalamiko lake ni la haki kulizungumza, na kwamba alistahili jibu badala ya karipio. Jibu lilikuwa hili: mtihani ule ulikuwa wa kufundisha, haukuwa wa kupanda mlima. Kama tungekuwa tunatafuta wapanda mlima, binti asingekuwa na hoja. Lakini tulitafuta walimu, na mlima haukuwamo katika muhtasari wa masomo. Kwake yeye kijana mlima ulikuwa adha. Kwake binti ulikuwa ukuta. Adha huvumiliwa, ukuta humzuia mtu hata asifike mahali pa kupimwa.

Tangu hapo nimeamini kwamba hii ndiyo kanuni ya haki katika kila mtihani na kila mashindano: jua unapima nini, kisha uondoe njiani kila kisichopimwa. Katika tenisi ya viti vya magurudumu, mchezo ulioanzishwa na Mmarekani Brad Parks mwaka 1976 na kuingia rasmi katika Paralimpiki ya Barcelona mwaka 1992, mpira unaruhusiwa kudunda mara mbili badala ya mara moja. Yote mengine ni yaleyale: wavu uleule, uwanja uleule, mpira uleule. Kinachopimwa ni jicho, mkono na akili ya kumzidi mwenzako. Miguu imeondolewa katika mtihani. Katika makasia, wale wa daraja la Sururu hutumia mikono na mabega tu, nao hushindana na wengine wanaotumia mikono na mabega tu. Zamani walipiga makasia mita 1,000. Tangu mwaka 2017 wanapiga mita 2,000, umbali uleule wa wapiga makasia wasio na ulemavu. Hawakupunguziwa. Waliongezewa.

Na wala madaraja si jambo la ajabu. Bondia wa kilo 50 hapangiwi bondia wa kilo 90, na hakuna anayesema ubingwa wa uzito mwepesi ni wa huruma. Watoto wa shule za msingi katika UMITASHUMTA hawachezi na watu wazima. Kufanana si kuwa sawa, na kuwa sawa si kufanana. Sisi wa rika langu tulifundishwa tangu ujana, katika imani ya chama na katika Azimio la Arusha, kwamba binadamu wote ni sawa. Lakini wengi wetu tuliielewa imani hiyo kama kwamba kila mtu apewe kiatu cha namba moja. Usawa wa kweli ni kila mtu kupata kiatu kinachomtosha, kisha mbio zianze.

Sijamaliza habari ya binti yule. Mkaguzi alipokwenda kumtazama akifundisha, alimkata alama. Kwa kuwa alisimama kwa gongo moja na kuandika kwa mkono wa pili, aliandika sehemu ya chini tu ya ubao, na watoto wa nyuma hawakuona. Wapo wakufunzi waliosema mkaguzi ana roho ngumu. Mimi nasema mkaguzi yule alimheshimu kuliko sote. Alimtendea kama mwalimu ambaye wanafunzi wake hawaoni ubao, na huo ndio ulikuwa ukweli. Wiki iliyofuata binti aliandika maandishi makubwa kwenye karatasi za manila usiku, akawaomba watoto wazitundike juu, akawapanga upya wafupi mbele na warefu nyuma. Akapata alama nzuri, wala si za kupewa. Yeye ni mwalimu mpaka leo katika mkoa huu wa Morogoro.

Kutokana na hayo tunaweza kusema ulemavu unakaa wapi. Sehemu yake moja iko mwilini, na hakuna faida kuikana. Mguu uliokatika umekatika, na maumivu ni maumivu. Lakini sehemu nyingine, na pengine kubwa zaidi, iko kati ya mwili na njia. Binti yuleyule alikuwa mlemavu kabisa katika njia ya Matombo, nusu mlemavu mbele ya ubao mrefu, na si mlemavu hata kidogo alipoketi kusahihisha madaftari. Hakubadilika yeye; mahali ndipo palipobadilika. Nami nadhani ndiyo maana makasia yanafaa kutufikirisha. Baharini hakuna ngazi. Majini hakuna anayetembea. Mpiga makasia mwenye miguu na asiye na miguu wote huketi, wote hulipa kisogo kule wanakokwenda na kutazama walikotoka. Mto wetu wa Morogoro huanzia juu kule Uluguru ambako kiti cha magurudumu hakifiki, ukaingia Ngerengere, kisha Ruvu, ukaishia katika Bahari ya Hindi, bahari ileile ya Mombasa. Maji hayamuulizi mtu kama ana miguu.

Mtu aliyeitambua hoja hii mapema ni daktari Ludwig Guttmann, Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler mwaka 1939 akahamia Uingereza. Katika hospitali ya Stoke Mandeville aliwatibu askari waliovunjika uti wa mgongo vitani, watu ambao desturi ya wakati ule ilikuwa kuwalaza na kuwasubiri wafe. Yeye akawaamsha. Tarehe 29 Julai 1948, siku ileile Michezo ya Olimpiki ilipofunguliwa London, wagonjwa 16, wanaume kwa wanawake, walishindana kwa upinde na mishale katika uwanja wa hospitali. Kutoka hapo ikazaliwa michezo ya Roma mwaka 1960, ambayo leo inahesabiwa kuwa Paralimpiki ya kwanza. Tanzania iliingia kwa mara ya kwanza Barcelona mwaka 1992. Guttmann hakuwapa wale watu huruma zaidi. Huruma walikuwa nayo tele. Aliwapa shabaha.

Lakini msomaji makini atanipinga hapa, nami nampongeza. Atasema: unamsifu mpiga makasia wa Mombasa, je, asiyeweza kupiga makasia? Je, mtu mwenye ulemavu ni lazima aende Tokyo ndipo aheshimiwe? Huko si kuwatwika mzigo mwingine juu ya ule walio nao?

Pingamizi hili ni zito, na lina ushahidi. Anne Wafula Strike alizaliwa Kenya, akapata polio akiwa mtoto mdogo, akasoma hadi Chuo Kikuu cha Moi, akawa mwalimu, kisha akahamia Uingereza. Mwaka 2004 aliiwakilisha Kenya katika mbio za viti vya magurudumu huko Athens, na baadaye akaikimbilia Uingereza. Mwaka 2014 alipewa nishani ya heshima ya MBE. Lakini mwezi Desemba 2016, akisafiri kwa treni katika nchi hiyohiyo iliyompa nishani, choo cha watu wenye viti vya magurudumu kilikuwa kibovu, na mwanamke huyo mtu mzima akajikojolea garini kwa kukosa pa kwenda. Yeye mwenyewe aliamua kuyasema hayo hadharani, kwa ajili ya wengine wanaonyamaza kwa aibu. Fikiri, msomaji. Nishani haikumsaidia. Umaarufu haukumfungulia mlango. Alichohitaji saa ile hakikuwa sifa, kilikuwa choo.

Kwa hiyo yatupasa kutenganisha mambo mawili ambayo tumezoea kuyachanganya. Heshima ni deni. Tunadaiwa na kila mtu kwa kuwa ni mtu, hata kama hajafanya lolote la kuandikwa gazetini. Sifa ni mshahara. Hulipwa kwa kazi iliyofanyika. Tukimpa mtu sifa mahali pa heshima, tumemdhulumu, kwa maana tunamlazimisha awe shujaa ili apate haki ya kupita mlangoni. Na tukimpa huruma mahali pa sifa, tumemdhulumu pia, kwa maana tumeichukua kazi yake ya miaka na kuigeuza kisa cha kututoa machozi. Mama ninayemwona sokoni Mawenzi akiuza nyanya na karoti za Mgeta kutoka juu ya baiskeli yake ya magurudumu matatu hahitaji nimpigie makofi kwa kuuza nyanya. Anahitaji nimlipe bei, nisimpunje, na manispaa ihakikishe mfereji ulio mbele ya meza yake una daraja la kupita gurudumu.

Sasa naweza kulijibu swali langu. Tunapomsifu Asiya Sururu, tusimsifu kwa kukosa miguu, maana hilo halikuwa tendo lake. Tusimsifu kwa "kutokata tamaa" tu, kwa sababu neno hilo tumelitumia mpaka likachuja. Tumsifu kwa kujifunza michezo mitatu yenye vyombo vitatu tofauti, kwa kuizoeza mikono iliyopungukiwa vidole kushika raketi na kasia, kwa kufuzu Tunis kwa haki mbele ya saa isiyomjua mtu, na kwa kurudi tena Paris baada ya kuona Tokyo jinsi walio mbele yake walivyo na kasi. Tumsifu pia, tukiwa waungwana, kwa kumuuliza muda wake ulikuwa dakika ngapi na amepanga kuupunguza vipi. Ndivyo tunavyowauliza wakimbiaji wengine. Mwanamichezo anayeulizwa muda wake ameheshimiwa. Anayeulizwa tu habari za ajali yake amerudishwa kwenye reli.

Wahenga walisema hujafa hujaumbika. Wengi huitumia methali hii kama kitisho: usimcheke kilema, na wewe yaweza kukupata. Ni onyo la kweli, hasa kwetu sisi wa miaka zaidi ya sabini, ambao magoti yametuanza na ngazi tatu za benki sasa tunazihesabu. Lakini heshima inayotokana na hofu ya kupatwa ni heshima ya mkopo. Nadhani methali ina maana nyingine ndani yake, kwamba hakuna mtu aliyekamilika, na kwamba kila mmoja angali katika kuumbwa, mwenye miguu na asiye nayo, mwanachuo na mkufunzi.

Bara la Afrika lilithibitishwa mwezi Agosti 2020 kuwa limeondokana na polio ya virusi vya asili. Ni furaha kubwa kwa sisi tuliowaona watoto wa rika letu wakitambaa. Lakini ajali za pikipiki, za magari na za mashambani hazijaondoka, na uzee hautaondoka kamwe. Nchi yetu iliridhia mwaka 2009 mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, na mwaka 2010 ikatunga sheria yake. Sheria ipo. Kilichobaki ni saruji na mbao: mteremko kwenye mlango wa darasa, mlango wa choo wenye upana wa gurudumu, ubao ulioshushwa chini kidogo. Kwa mwalimu mkuu anayesoma maneno haya, naomba Jumatatu kabla ya kengele aizunguke shule yake, ahesabu ni milango mingapi ambayo mtoto aliye katika kiti cha magurudumu anaweza kuingia bila kubebwa. Aanze na mlango wa choo.